Ushuhuda wa Sajenti Henri

Asubuhi ya ugeni, Sajenti Henri aliomba wembe, akanyoa ndevu, akajitazama katika kioo cha pikipiki ya mlinzi, kisha akarudi kuomba wembe tena. Débora, muuguzi ambaye hakuwa na desturi ya kumwachia mgonjwa yeyote kitu chenye makali, alisimama mlangoni akiitazama ile mikono mpaka ilipomaliza kazi.

"Sajenti, unaenda kuoa leo?"

"Hapana, Mama Débora. Naenda kusema mbele ya bakubwa. Mutu hawezi simama mbele ya bakubwa na ndevu ya mbuzi."

"Na utasema nini?"

"Ushuhuda. Mama Kavuo hakukuambia?"

Mama Kavuo mwenyewe alikuwa barazani akipanga viti vilivyoazimwa parokiani, na alisikia. Alikuwa hajamwambia mtu kwa sababu alikuwa bado hajakubali.

Kituo kilikuwa katika komini ya Ruwenzori, mjini Beni: nyumba ndefu ya mabati, jiko la kuni, kisima, na uwanja wa udongo mwekundu ambapo bendera ilipandishwa kila kukicha. Waliolala humo walikuwa askari. Wengi hawakuwa na jeraha la kuonyesha. Walikuwa wamepigana msituni miaka mingi, halafu siku moja mmoja akawa anamwita mke wake kwa jina la mwenzake aliyekufa, mwingine akaanza kuzika chakula chake chini badala ya kukila, ndipo wakaletwa. Wale waliozeeka walikuwa wakingoja karatasi za kustaafu kutoka Kinshasa, na walitaniana kwamba karatasi hizo zinakuja kwa miguu, tena zinachechemea. Kavuo Godelive ndiye aliyewasikiliza. Alikuwa mwanasaikolojia wao wa pekee, na tangu daktari aliyekuwa mkurugenzi alipohamia kwingine, alikuwa pia mkurugenzi bila kuitwa hivyo. Alitafuta unga, aligombana na fundi wa kisima, alipokea dawa. Kwenye mikutano alikaa nyuma karibu na mlango, kwa kuwa viti vya mbele vilikuwa vya wakuu.

Alimvuta Henri pembeni.

"Sajenti, tuseme kweli. Juzi mvua ilinyesha. Ulikuwa wapi?"

Henri akakuna shavu lake jipya. Alikuwa mtu wa Équateur, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na Kiswahili chake kilipitia kwanza kwenye Kilingala. "Chini ya kitanda, Mama. Ile mvua ku mabati, unajua mwenyewe. Inapiga kama bunduki ya bale batu ba ku pori."

"Na ilipoisha?"

"Nilitoka. Mbele sikukuwa natoka. Mbele nilikuwa nabakia kule mupaka asubuhi. Ile si kupona?"

"Ni kupona kidogo."

"Basi. Imani itamaliza ingine."

Kavuo alimwelewa vizuri mno. Yeye mwenyewe alikulia katika kikundi cha maombi huko Butembo, ambako mtu mwenye homa husimama mbele ya wenzake, jasho linamtiririka, akasema "Nimepona," na wote wakaitikia "Amina" bila yeyote kuona uongo ndani yake. Unasema umepona ili upone. Unatanguliza shukrani, na Mungu hawezi kukuacha na aibu. Hata miradi ya afya ilikuwa imeizoea desturi hiyo. Mgeni akija bila kusikia ushuhuda, huondoka akisema hakuona kitu, aliona kuta.

"Na tena," Henri akasema kwa sauti ndogo, "tunasikia banatafuta mukubwa wa hapa. Bakileta mwingine, atatupiga sindano tulale, basi. Mama, acha niseme."

Débora alikuwa amesogea, akamgeukia Kavuo na kumwita kwa jina la binti yake. "Anasema kweli. Mais wewe usijidanganye sana, Mama Elikia. Tangu lini mutu wa maneno anakuwa chef? Chef ni médecin, ao ni mutu wa galons ku mabega. Psychologue banamuita wakati mugonjwa anakataa kunywa kidonge."

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha huo ulimchoma Kavuo mahali palepale alipokuwa akijichoma mwenyewe kila siku. Akamrekebishia Henri kola.

"Sema kidogo tu," akasema.

Henri hakusema kidogo. Alisimama chini ya bendera mbele ya mjumbe kutoka Kinshasa, mbele ya Major Lévi aliyekuwa amewekwa karibuni kusimamia askari wagonjwa wa eneo lile, mbele ya wapishi na wagonjwa wenzake, akaanza kwa kuimba. Kisha akasema:

"Bakubwa, mimi nilikuwa nimekufa. Nilikuwa naita batu ambao hawako. Huyu mama alikaa karibu yangu. Hakuniogopa. Aliniuliza tu: kisha ikakuwa nini? Nikasema. Akauliza tena: kisha ikakuwa nini? Mupaka tukafika mwisho wa ile mambo. Leo niko mbele ya bendera ya inchi yangu. Mimi Henri, nimepona!"

Wapishi wakapiga vigelegele. Mjumbe alivua miwani akaifuta. "Madame, wewe njo unaongoza hapa?"

"Naongoza kwa muda, Monsieur."

"Kwa muda? Mais pourquoi?"

Major Lévi hakupiga makofi. Alimsogelea Henri akamuuliza jina lake lote na kikosi alichotoka. Kavuo aliona ni heshima, akafurahi.

*

Uteuzi ulifika kabla maharage hayajavunwa. Kwa mara ya kwanza katika Kituo kile, mwanasaikolojia alipewa kiti cha mkurugenzi, na pamoja na kiti alipewa nyumba ndogo iliyo ndani ya ua.

Nyumba hiyo ndiyo iliyoifurahisha zaidi familia yake. Kwa miaka yote Kavuo alikuwa akifanya kazi Beni na familia yake ikikaa Butembo. Kila mwisho wa juma alipanda taksi kwenda kwao, kila Jumatatu akarudi, na mume wake, mwalimu Gustave Kitsa, hakuweza kunywa chai yake mpaka simu ilie na Kavuo aseme, "Nimefika." Siku nyingine barabara iliwaka moto kwa mashambulizi na chai ikapoa. Sasa wangekaa pamoja, wao na binti yao Elikia na Mama Kanyere, mama yake Gustave. Gustave aliacha darasa lake la hisabati mikononi mwa kijana mwingine. Mkuu wa shule alimwambia wazi kwamba akitoka, ametoka.

Mama Kanyere aliandaa misa ya shukrani. Alivaa kitenge kipya, akasimama nje ya kanisa akiwapokea watu kama bibi arusi.

"Mimi sikuelewa kazi ya huyu bibi ya mwanangu," aliwaambia majirani. "Nilikuwa nauliza: unaponyesha batu na nini? Anasema, na mazungumuzo. Nikasema, Nyamuhanga, Mungu wetu! Basi hata miye niko docteur, niko na mudomo kumuzidi yeye. Sasa angalieni. Mudomo imeleta nyumba!"

Walicheka sana. Kavuo alicheka pia, akiangalia viatu vyake.

Mama Kanyere alikuwa amemwomba padri ataje na jina la yule askari, kwa kuwa baraka ilipitia kwake. Kwa hiyo kanisa zima lilisikia: familia Kitsa inamshukuru Mungu kwa ajili ya kupona kwa Sajenti Henri, na kwa ajili ya mama yao aliyepewa uongozi. Kanisa likaitikia. Kavuo naye aliitikia, sauti yake ikiwa ndogo kuliko zote za benchi lile.

Kwenye karamu ya nyama ya mbuzi, walimu wenzake Gustave walimtania.

"Mon colonel! Sasa bibi akikuamrisha 'à terre', utafanya nini?"

"Nitalala chini," Gustave akajibu, "halafu nitauliza kama nilete chai nikiwa kulekule chini."

*

Major Lévi alikuja juma la pili baada ya kuhama kwao. Kavuo aliporudi kutoka jikoni alimkuta ofisini, amekaa nyuma ya meza, kwenye kiti chake. Hakuinuka. Kavuo akachukua kiti cha mgeni.

"Directrice, félicitations."

"Wasingya, mon Major. Asante. Nilitaka tuongee ju ya dawa, tena ju ya—"

"Dawa tutaongea. Kwanza nakushukuru. Ulifanya kazi muzuri. Bamoja humu balishapona kabisa, na mimi kule niko na mashimo ku position zangu, askari habatoshi. Donc, bale bazima barudi. Tutaanza na Sajenti Henri. Siku ya tatu pick-up itapita hapa kuenda Mabalako. Aende nayo."

Kavuo akakivuta kiti karibu na meza. "Mon Major, Sajenti anangoja karatasi ya retraite, ya kustaafu."

"Retraite ikifika, atarudisha bunduki. Mbele ya ile, ni askari. Askari mugonjwa analala hapa. Askari muzima analala ku position. Ni bile tu."

"Hajapona."

"Pardon?"

"Hajapona kabisa, mon Major. Mvua ikipiga mabati anaingia chini ya kitanda. Akishika kitu cha chuma, mikono inatetemeka. Ukimupa bunduki, ataweza kujiua ao kuua mwenzake. Niko namujua."

Major aliegemea kiti. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. "Madame, mimi nilikuwa pale. Alisema nini chini ya bendera?"

"Alisema kwa imani. Kwetu, mutu akitoa ushuhuda, anasema mbele kile anaomba. Si kudanganya, lakini—"

"Unanifundisha ushuhuda? Bibi yangu anaimba ku chorale. Mutu alisema Mungu amemuponyesha, mimi nani nimuambie Mungu kazi yake haijaisha?" Akacheka kidogo. Kisha akaacha. "Ao unataka kusema ulipanga mutu adanganye mujumbe? Ju ile ni affaire ingine. Ile itabidi niripoti, na hiki kiti utaacha. Na ile nyumba."

Kupitia dirishani ilionekana kamba ya nguo, na sare ya shule ya Elikia ikikauka juani.

"Na kama nikikataa kumuachilia?"

"Nitamuachilia mimi." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Wewe ni directrice wa bagonjwa. Muzima si wako."

Alipoondoka, Kavuo alibaki palepale kwenye kiti cha mgeni. Alipokuwa mwanasaikolojia tu, alitoa maoni yake, na daktari akayakubali au akayatupa, na Kavuo akaenda kulala na hasira safi. Alifikiri kiti kikiwa chake, maoni yake yatakuwa na nguvu. Sasa aligundua kwamba juu ya kiti kulikuwa na kiti kingine, na huko juu watu hawakuuliza, kisha ikawa nini.

*

Nyumbani walikuwa wakila sombe ya majani ya muhogo na ndizi za kuchemsha. Kavuo aliwaeleza yote mpaka mwisho, kijiko mkononi, hajala.

"Nitamuandikia mujumbe," akasema. "Nitamuambia ile siku nilikosea. Nilimuacha aseme kitu ambacho hakijakuwa."

Gustave aliweka sahani chini. "Mama Elikia, tuongee polepole. Ukisema vile, wanakutosha ku kiti."

"Najua."

"Wanakutosha, na tunatoka humu. Mimi nilishaacha darasa. Tutarudi Butembo kufanya nini? Na kazi ya taksi inaanza tena, wewe ku barabara, mimi na chai yangu." Hakupandisha sauti. Angepandisha, Kavuo angeona rahisi. "Na Henri? Wakikutosha, Henri atabaki?"

Kavuo alikuwa amejiuliza swali hilohilo njia nzima, kutoka ofisini mpaka mlangoni, na njia ilikuwa fupi.

"Kama hatabaki," Gustave akasema, "basi unatoa sisi bote bure."

Mama Kanyere alikuwa akimkunjia Elikia mikono ya sweta. Walidhani hasikilizi.

"Na misa?" akauliza.

"Misa gani, Mama?"

"Ile misa. Tulimushukuru Mungu ju ya kupona kwa yule mutu. Jina yake ilisomwa. Batu bakakula mbuzi." Alimtazama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu Kavuo amjue, mdomo wake ulikuwa unatafuta maneno. "Sasa nitarudi kumuambia Mungu nini? Kama asante ilikuwa ya mapema?"

Elikia akaomba sombe nyingine.

*

Henri alikuwa nyuma ya jiko, akichambua maharage na wapishi. Kazi hiyo ilimtuliza. Kavuo ndiye aliyempa. Wapishi walipomwona Directrice anakuja, wakainuka wakaenda kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza. Henri aliendelea kutoa mawe, moja moja, akiyaweka katika mstari juu ya goti lake.

"Mabalako," akasema. "Karibu na Mangina pale. Napajua. Kuna mashamba ya cacao. Chini ya cacao mutu haone mbele."

"Sajenti, nisikilize. Siku ya tatu Major atakuwa ku parade. Mimi nitasema mbele yake kama hujapona. Lakini yeye atakuuliza wewe. Useme kweli. Useme mambo ya mvua. Useme mambo ya mikono."

"Mbele ya bote?"

"Mbele ya bote. Kosa ni yangu, si yako. Sema Mama Kavuo njo alikuruhusu."

"Na wewe, kiti?"

"Kiti si kitu."

Henri alimtazama kama alivyomtazama siku za kwanza, alipokuwa hajui kama yule mwanamke mfupi aliyekaa karibu naye ni mtu au ni ndoto. "Mama, kiti ni kitu. Yule docteur wa mbele, nilikaa naye karibu mwaka. Alikuwa ananiita 'lit', kitanda ya ku dirisha." Akacheka. "Hakujua kama niko na jina. Sasa tuko na mukubwa anajua majina. Na unasema kiti si kitu."

"Henri. Niahidi."

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Yeye mwenyewe alishtuka. Henri alikusanya mawe yake, akayatupa mbali majanini.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Likambo te. Hakuna shida."

Kavuo alirudi nyumbani akiwa na nafuu kidogo. Ni baadaye tu alikumbuka kwamba askari akisema ndiyo kwa mkubwa wake, bado hajakuambia kitu.

*

Siku ya tatu, pick-up ilisimama karibu na kisima, dereva akila embe. Wagonjwa walijipanga mbele ya bendera. Gustave alikuwa mlangoni mwa nyumba, Elikia ameshikilia suruali yake. Tangu siku ile ya sombe Gustave hakuwa amegusia tena jambo hilo, ila asubuhi hiyo alimpigia mkewe viatu rangi bila kuombwa.

Major Lévi aliita jina. Henri akatoka mstarini. Alikuwa amenyoa.

"Mon Major," Kavuo akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyoiandaa. "Mbele ya kuendelea, nataka kusema. Huyu mutu hajapona. Mimi ni psychologue wake. Ile siku ya bageni alisema kwa imani, na mimi nilimuacha. Ni mimi nilikosea. Mutu huyu hawezi kupewa bunduki."

Dereva akaacha kutafuna. Mtu mmoja mstarini, mzee Éphraïm, ambaye hakuna siku iliyopita bila yeye kulalamikia uji, mgongo, au serikali, alitikisa kichwa kukubali, haraka haraka, kama anayeogopa kuonekana.

Major aligeuka. Hakukasirika. "Sajenti. Directrice anasema uko mugonjwa. Mimi nakuuliza wewe mwenyewe, mwanaume. Umepona ao hujapona? Sema, hakuna atakayekupiga."

Kavuo alimtazama Henri machoni. Aliona mikono, iliyobanwa mapajani kwa nguvu ili isionekane inavyofanya.

"Nimepona, mon Major."

"Anadanganya!" Kavuo akalia. "Henri, mwambie ju ya mvua!"

"Mvua inanyeshea batu bote, mon Major." Henri alikuwa akitazama mbele, juu ya vichwa vyao. "Mama huyu ana huruma mingi sana. Ni vile ni mwanamuke. Anaona batu bote ni bagonjwa. Hata dereva pale, akikaa naye kidogo, atamukuta na ugonjwa."

Wanaume walicheka. Hawakutaka, lakini walicheka, kicheko kifupi cha mstarini, na dereva akacheka kuliko wote. Hata Major alitabasamu, akamgeukia Kavuo kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mwanamke aliyejikwaa hadharani.

"Directrice, ile uliyosema tutaiacha hapahapa. Sitaripoti. Ulisema kwa moyo wa mama. C'est fini."

Hivyo alisamehewa. Kiti kikabaki, na nyumba ikabaki. Alisimama pale katikati ya uwanja na viatu vyake vilivyong'aa, na alielewa alichofanyiwa: Henri alikuwa amemnusuru kwa kumfanya achekwe. Alielewa pia kwamba hawezi kukitengua, kwa sababu kila neno atakaloongeza sasa litakuwa huruma ya mwanamke.

Henri alichukua begi lake. Alipofika mbele ya Kavuo alisimama, akaunganisha visigino, akampigia saluti. Raia hapigiwi saluti, na Major alifungua mdomo kusema hivyo, kisha akaufunga. Mkono ulikaa karibu na kofia, ukitetemeka waziwazi mbele ya kila aliyetaka kuona.

"Sajenti," Kavuo akasema.

"Mubaki muzuri, Mama Directrice."

Akapanda nyuma ya pick-up, kati ya magunia ya mchele na askari vijana wawili waliokuwa wakisikiliza muziki kwenye simu. Mmoja wao alimpisha nafasi. Gari likatoka getini. Kavuo aliona kichwa cha Henri kikipita juu ya ukuta, mpaka ukuta ulipoisha.

Gustave alikuja akamshika kiwiko. "Umejaribu, Mama Elikia."

"Ndiyo," akasema. "Nimejaribu."

*

Kesho yake, baada ya uji, alienda kwenye mduara wa mazungumzo ya wagonjwa. Tangu apewe uongozi alikuwa ameukosa mara kwa mara kwa ajili ya mikutano, na aliona leo ndiyo siku ya kutoukosa. Mduara ulikaa nyuma ya nyumba, kwenye mabenchi, chini ya hema la plastiki. Siku zote ukikaribia ulisikia kelele kabla hujaona watu: nani amekaa mahali pa nani, nani ameota nini, nani amemaliza sukari, na sauti ya Éphraïm juu ya zote ikidai kuhamishiwa nchi yenye daktari wa mgongo.

Leo kulikuwa kimya. Kavuo alipozunguka kona, mabenchi yakagonga, na wanaume wote wakasimama, visigino pamoja, mikono mapajani.

"Hapana, hapana," akasema. "Kaeni. Ni mimi tu."

Walikaa pamoja, kwa mkupuo mmoja. Alitafuta mahali pake pa zamani, akakuta wamemwekea kiti chenye mgongo. Akakaa. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyemfikia alikuwa akiangalia mahali fulani juu kidogo ya kichwa chake.

Alijaribu kutabasamu. Aliona aanze na yule ambaye hajawahi kumwangusha.

"Papa Éphraïm. Usiku ilikuwa namna gani? Mgongo?"

Éphraïm akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, ya mtu aliyeupitisha usiku akiwa ameketi.

"Usiku ilikuwa muzuri, Madame la Directrice."

"Ulilala?"

"Nililala kabisa. Niko muzima."

Akakaa. Kavuo alingoja, kama alivyojifunza kungoja, akimwachia mtu nafasi mpaka kimya kimchoshe mwenyewe aongee. Kimya hakikumchosha mtu. Débora alipita na trei ya dawa, akaona wamekaa vile, akarudi alikotoka.

"Na wewe, Kapita?"

"Muzima, Directrice."

"Jean-de-Dieu?"

"Niko muzuri. Sina kitu. Nilishapona, kama Sajenti. Kiti yako ibakie."

Aliuzunguka mduara mzima, jina kwa jina, na kila aliyetajwa alisimama, akajibu, akakaa. Mwishoni hapakubaki na mgonjwa hata mmoja.